Boti ya starehe: gharama haiishii kwenye bei ya kununua

Wengi huamini kwamba boti ya kutembelea baharini, ikishalipiwa, hudai mafuta tu, na ikikaa bila kutumika haili kitu. Dhana hiyo inaeleweka, maana bei ya ununuzi ndiyo inayoonekana.

Mafuta yenyewe si haba: mashine ya nguvu farasi 40 ikifunguliwa yote hunywa takriban lita 15 za petroli kwa saa. Lakini boti iliyolala nayo huharibika. Chumvi huganda kwenye njia za kupozea, ndiyo maana mashine husafishwa kwa maji ya bomba dakika 10 hadi 15 baada ya kila safari. Oili hubadilishwa kila saa 100 au kila mwaka, hata kama saa hazijafika. Feni ya mpira ya pampu ya maji hukakamaa. Ikikatika, mashine huchemka. Petroli iliyokaa miezi huacha utando unaoziba kabureta.

Kupima ni rahisi. Jumlisha maegesho, mlinzi, bima, matengenezo na thamani inayopungua kwa mwaka, ugawe kwa siku utakazotoka kweli (pwani yetu, toa siku za kusi kali, yaani upepo mkali wa kutoka kusini), kisha linganisha na bei ya kukodi. Anayetoka wikendi chache mara nyingi hufaidika kwa kukodi. Wa kila wiki, hesabu yake nyingine.

Ukitaka iliyotumika, omba fundi alegeze skrubu ya chini ya gia: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na sili (mipira inayozuia maji kupenya) huenda zimekwisha.