Kuziba pengo la mwimbaji mkuu: maana yake katika bendi ya roki

Bendi ya roki ikimpoteza mwimbaji wake mkuu, kwa kifo au kwa kujiondoa, na waliobaki wakaamua kuendelea, humtafuta mtu wa kushika maikrofoni. Huko ndiko kuziba pengo. Mpiga besi akibadilishwa, wengi hawatashtuka. Akibadilishwa mwimbaji, hata anayesikiliza redio jikoni atauliza huyu ni nani.

Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Julai mwaka huohuo bendi ilitoa albamu ya Back in Black, mwimbaji akiwa Brian Johnson, Mwingereza aliyetokea bendi ya Geordie. Jalada lake ni jeusi tii, kwa maombolezo. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na kengele, inagongwa taratibu, kisha gitaa linaingia juu yake. Aliyewahi kufiwa anaielewa kengele ile bila kufasiriwa. Naamini Johnson alipokewa kwa sababu msiba haukufichwa, na kwa sababu alikuja na nyimbo mpya, maneno ameandika mwenyewe, kabla wengi hawajamsikia akiimba za marehemu.

Wengine hupata mtu mlemle ndani: mwimbaji Peter Gabriel alipoiacha bendi ya Genesis mwaka 1975, mpiga ngoma Phil Collins ndiye aliyesogea mbele. Journey walimpata Arnel Pineda, Mfilipino, mwaka 2007 baada ya mpiga gitaa wao kumwona YouTube.

Ila mfano unaonigusa zaidi ni bendi ya Queen. Mwimbaji wao Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na hadi leo hakuna aliyetangazwa kuwa amekalia kiti chake. Alipokuja Paul Rodgers, mwaka 2005 hivi, kisha Adam Lambert, matangazo yaliandikwa “Queen + Paul Rodgers”, kisha “Queen + Adam Lambert”. Itazame vizuri hiyo alama ya kujumlisha. Inamkaribisha mgeni kwa heshima zote, na inamwachia mwenye nyumba nafasi yake. Lambert naye haigizi sauti ya Freddie. Anaimba kwa koo lake, na kwangu hiyo ndiyo adabu ya kazi hii.

Kisha, katika maonyesho yao, hufika wimbo wa Love of My Life. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, hukaa mbele peke yake na gitaa, anaimba na ukumbi mzima unaitikia. Wimbo ukikaribia kwisha, Freddie anatokea kwenye skrini kubwa nyuma yake, naye anamalizia.