Shirika la ndege la taifa ndani ya mchezo: maana yake

Mpwa wangu amebandika ukutani, hapa nyumbani Chikongola, Mtwara, picha ya ndege yenye bendera ya nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Mzee jirani yetu alipoiona alisimama, akaitazama vizuri, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hawa nauli ya Songea wanatoza kiasi gani?" Ana haki ya kuuliza, kwa sababu picha ile haijasema popote kwamba ni mchezo.

Hilo ni shirika pepe la ndege. "Pepe" hapa ni ileile ya barua pepe: kitu kisichoshikika, kinachopita mtandaoni. Ndege ya bati haipo, abiria hawapo, tiketi haiuzwi. Kuna watu tu, kila mmoja kwake, wenye programu za kuigiza urushaji wa ndege kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane, waliokubaliana kufuata ratiba moja na kupaka ndege zao rangi moja. Yapo makundi yanayoiga kampuni zilizopo kweli. Hili la mpwa wangu ni la taifa: wachezaji wamebuni nchi, na shirika hili ndilo linalobeba bendera yake.

Neno "taifa" ndilo zito. Katika dunia yetu ndege ina uraia. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaihesabu kuwa ya nchi iliyoisajili, ndiyo maana za Tanzania zimeandikwa 5H ubavuni. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilipokufa mwaka 1977, Air Tanzania ilianzishwa mwaka huohuo, na leo twiga yuko mkiani. Vijana wanayaiga yote haya. Wanabuni herufi za usajili, wanabishana mkiani akae mnyama gani, wanapatana na wachezaji wa nchi nyingine za kubuni nani atue wapi na mara ngapi kwa wiki. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi: mtoto wa kidato cha tatu, ambaye hajawahi kupanda ndege, anajadili haki za anga na kuzielewa.

Nchi ni ya kubuni, lakini ardhi iliyomo kwenye programu ni ya dunia hii, kwa hiyo wanatua hata kwetu. Juzi usiku nilikaa nyuma ya kiti chake akitoka Dar es Salaam kuja Mtwara na ndege ya panga boi, kama kilomita 400 kwa anga. Bahari kushoto muda wote. Ikapita delta ya Rufiji, ikapita Kilwa, ikaja ghuba ya Lindi, kisha maji ya Mikindani. Hakunisemesha. Programu nyingine ndogo ilikuwa ikiandika kila kitu: saa ya kuondoka, mafuta, kimo, na kasi ya kushuka magurudumu yanapogusa lami. Ikasoma futi 180 kwa dakika. Akashusha pumzi. "Anko, nimeiweka chini taratibu."

Ripoti ikaenda kwa wenzake, saa zikaongezwa kwenye jina lake, na cheo cha urubani hupanda kwa saa hizo. Bando likiisha au umeme ukikatika ndege ikiwa angani, safari haihesabiwi, na mwenzake mmoja atalazimika kuirudia ili ratiba isibaki na pengo.

Wakiwa na bando la kutosha huingia VATSIM, mtandao ulioanza mwaka 2001, ambako hata waongoza ndege ni watu wa kujitolea. Mtu aliye nchi ya mbali anakaa mbele ya rada ya kwenye kompyuta, anakuambia kwa sauti ushuke au usubiri, nawe unatii.

Mzee nilimweleza hivyo, kwamba nauli haipo. Akavuta kiti, akamwomba kijana amwonyeshe uwanja wa Songea kutoka juu.