“Haya si tulikuwa tunayajua?” Jibu kwa wanaopima sayansi za jamii kwa macho

Kila msimu wa maonesho ya utafiti vyuoni ni hivohivo. Wenzetu wa uhandisi wameleta mashine ya kukausha mihogo, watu wa kompyuta wana aplikesheni, sisi wa sayansi za jamii tuna mabango matatu na wanafunzi wawili wa masta waliosimama juani tangu asubuhi. Mgeni anapita, anasoma bango, anauliza “sasa nyie mmegundua nini?”, anaelezwa vizuri tu, alafu inakuja ile sentensi: haya si tulikuwa tunayajua? Anaenda zake kwenye mashine. Nimeisikia kwa wageni, nimeisikia kwa wazazi wanaomkataza mtoto asisome sosholojia, na juzi nimeisikia kwa mhadhiri mwenzangu kabisa, wa fani nyingine, kwenye kikao cha kupanga orodha ya mafanikio ya mwaka. Hapo nikaona basi, leo naandika.

Niyamalize kwanza ya tuzo na namba maana hayana mengi. Mwanafunzi bora wa ndaki, yaani kitengo kikubwa cha chuo, anapewa cheti na picha na mkuu wa chuo, nampongeza kwa moyo wote, amekesha na anastahili. Lakini GPA, wastani wa alama zake, inasema alijibuje mitihani, haisemi kama aliwahi kukaa na watu na kujua kitu ambacho hakikuwa kinajulikana. Kwa wahadhiri nako kuna makala ngapi, jarida gani, fedha kiasi gani za mradi. Hivyo ni vipimo vya kupandia cheo, vinatusaidia kupanda cheo, tusivigeuze kuwa jibu la swali la yule mgeni kwa sababu mgeni hakuuliza habari za cheo changu.

Twende kwenye lenyewe.

Katikati ya miaka ya 1960 Gilbert White, mwanajiografia wa Chicago, na mkewe Anne, na David Bradley, daktari aliyekuwa Makerere, walifanya utafiti wa maji ya nyumbani kwenye maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba waliifanya wanafunzi wa vyuo vikuu vya huku huku kwetu. Swali lilikuwa la kawaida mpaka linachekesha: mnatumia maji kiasi gani, mnayatoa wapi, anachota nani, anatumia muda gani. Ungekuwepo ungesema hayo kila mtu anayajua, nenda kamuulize mama yako.

Utafiti ukachapishwa 1972. Humo ndo Bradley alipoyapanga magonjwa ya maji kwa namna ambayo mpaka leo wahandisi wa maji na watu wa afya ya jamii wanafundishwa darasani: kuna yale unayoyanywa pamoja na maji machafu, kuna yale yanayokupata kwa sababu maji ni machache hunawi wala huogi vya kutosha, upele na trakoma ya macho humo, kuna yanayopitia viumbe wa majini kama kichocho, na kuna ya wadudu wanaozaliana karibu na maji. Hilo kundi la pili ndo ninalotaka ulitazame. Linasema mtoto anaweza kuugua kwa sababu ya uchache wa maji hata kama hayo machache ni safi kabisa. Sasa kama unajenga mradi na fikra yako yote iko kwenye kuyasafisha, ukayapeleka maji masafi kituo kimoja mwendo wa nusu saa, umeacha nusu ya tatizo. Na huwezi kuliona hilo mpaka mtu amehesabu ndoo.

Alafu kikaja kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1997, miaka thelathini baadae, timu nyingine, safari hii na watafiti wa nchi hizihizi tatu akiwemo mtu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikarudi karibu maeneo yote yaleyale kuuliza maswali yaleyale. Mi nawauliza wale wa “tulikuwa tunayajua”, toa jibu kabla hujaendelea kusoma: kaya zenye bomba ndani, matumizi yao ya maji kwa miaka hiyo thelathini yalipanda au yalishuka? Darasani nikiuliza karibu wote wanasema yalipanda, maendeleo si yamekuja. Yalishuka, kutoka kama lita 128 kwa mtu kwa siku mpaka kama lita 66, karibu nusu. Miji ilijaa watu, mabomba yalichakaa bila matengenezo, maji yakawa yanatoka kwa zamu na mahali pengine hayatoki kabisa. Kaya zisizo na bomba ndo zilizopanda kidogo. Aliyekuwa juu ameshuka, aliyekuwa chini kasogea kidogo, na hiyo picha haikuwa kichwani kwa mtu, si kwa mhandisi wala kwa waziri wala kwa mama mwenye bomba, maana yeye anajua la kwake tu na kumbukumbu ya lita za miaka thelathini iliyopita binadamu hana.

Na isingewezekana kama wale wanafunzi wa miaka ya 1960 wangekaa chini ya mwembe wakajaza dodoso kwa majibu ya kubuni. Hapa ndo huwa napandisha sauti. Mafanikio yale ya 1997 yalianza kwa vijana ambao wengi wenu hamjawahi kusikia majina yao, walioandika namba ya kweli siku ambayo hakuna aliyewasimamia.

Watu wanadhani kudodosa ni kuuliza tu, eti hata mtoto wa darasa la saba anaweza. Hebu muulize mtu “unatumia lita ngapi kwa siku” uone. Hakuna mtu anayeishi kwa lita, watu wanaishi kwa ndoo na madumu. Kwa hiyo unauliza ndoo ngapi. Ndoo ipi? Ile ya lita 20 au ile ndogo ya kumi anayobeba mtoto? Ilijazwa mpaka juu au imeachwa nafasi isimwagike njiani? Zile mbili zilizomwagwa kwenye pipa jana zinahesabiwa leo? Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa fildi Kisarawe, anamdodosa mkuu wa kaya, baba wa watu mstaarabu tu, amempa kigoda, anajibu kwa uhakika kabisa: ndoo tano. Nyuma yake mkewe anaosha vyombo, hasemi neno, anainua vidole nane vyenye povu. Dodoso lina kiboksi kimoja. Ujaze nini? Ukijaza tano umeandika alichosema uliyeelekezwa kumuuliza, na ripoti yako itakuwa safi. Ukijaza nane umevunja utaratibu wa sampuli. Yule binti alijaza tano, akaandika nane pembeni na maelezo ya nani kasema, jioni akarudi kukaa kisimani akahesabu mwenyewe, akapata nane. Alafu akaanza kujiuliza ni kaya ngapi nyingine kaandika idadi ya baba. Tasnifu yake yote ikageukia hapo. Hakupata tuzo, aliomba nyongeza ya muda akachelewa kuhitimu na wenzake, na ile ni moja ya kazi bora nilizowahi kusimamia. Kwenye orodha ya mafanikio ya mwaka ule haimo kwa sababu fomu ilikuwa na safu ya tuzo, safu ya machapisho na safu ya uvumbuzi, basi.

Mfano mwingine ni wa Mlimani penyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi za kile kitivo kimoja cha sanaa na sayansi za jamii. Vita vya Majimaji, watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, 1905 mpaka 1907. Toleo lililokuwa rasmi miaka mingi ni la Gavana von Götzen aliyeandika 1909, kwamba waganga na machifu waliwachochea watu kwa ushirikina. Hicho ndo “kila mtu alikuwa anakijua”. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wakatumwa wakati wa likizo kwenda kusini, wengi kwao kabisa, kukaa na wazee waliokuwa bado hai na kuandika wanachosema. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa kwenye kazi hiyo, Gwassa akaja kuifanyia PhD. Wazee hawakuanza na ile dawa ya maji ya kuzuia risasi. Walianza na pamba, mashamba ya kulazimishwa, viboko vya akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, kazi ya mwaka mzima inayolipwa senti 35 ambazo wengine walikataa hata kuzipokea. Ndo unaelewa kwa nini kule Nandete, Umatumbi, Julai 1905, kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa pamba. Pia Gwassa alikadiria waliokufa, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao, kuwa 250,000 mpaka 300,000, wakati hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000. Na Ebrahim Hussein, mwanafunzi wa hapohapo, akaitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, inayohusu vita hivyo, 1969. Ukiwa umesoma sekondari Tanzania, unachokijua kuhusu Majimaji kimepita kwenye mikono ya wanafunzi wale. Unasema ulikuwa unakijua, ndio unakijua, walikuletea wao!

Sasa niseme na upande ambao mabango hayausemi. Ushahidi ule una maswali. Mwaka wa 1968 nchi ina miaka saba tangu uhuru, Azimio la Arusha lina mwaka mmoja, anakuja kijana msomi kutoka Dar na daftari anamuuliza mzee je, mliungana dhidi ya Mjerumani? Mzee ana macho, anaona kijana anataka kusikia nini. Wanahistoria waliokuja baadae wameihoji sana ile picha ya vita moja ya watu wamoja, wameonyesha kwamba sehemu nyingine watu walikuwa na ugomvi wao wa ardhi, wa misitu, wa machifu majirani, na kwamba wanawake hawakuulizwa vya kutosha. Mi naona wana hoja nzito, na kwenye lile la umoja nazidi kuegemea upande wao. Lakini angalia wanahoji kwa kutumia nini, wanatumia maelezo yaleyale waliyoandika wanafunzi, kwa sababu yapo, yamehifadhiwa, yana jina la kijiji na la msemaji. Kazi mbovu huwezi hata kuipinga.

Jambo lingine linaloniudhi ni kudhani mafanikio yanaonekana siku hiyohiyo. Jarida la wanafunzi la Cheche, lilianza 1969, linachapwa kwa stensili, mhariri wake wa kwanza Karim Hirji alikuwa anasoma hesabu na baadae akawa profesa wa takwimu za tiba. Mwaka 1970 wakatoa toleo zima la uchambuzi wa Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu matabaka ndani ya ujamaa wetu, na mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilicholilea. Ungekuwa unajaza fomu ya mafanikio 1970 ungeliweka safu gani? Miaka ishirini baadae huyohuyo Shivji akateuliwa na Rais Mwinyi kuongoza tume ya ardhi. Na serikali haikuyachukua mapendekezo yake makubwa, la kumwondolea Rais umiliki wa mwisho wa ardhi likaachwa, Sheria za Ardhi za 1999 zikaja na msimamo mwingine. Je tume ilishindwa? Mpaka leo mtu akitaka kubishana kuhusu ardhi ya kijiji anaanzia kwenye ripoti ile. Au chukua bajeti ya mrengo wa jinsia, ile inayoangalia mahitaji ya wanawake na wanaume, ambayo sasa hata diwani anaitaja. TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, iliundwa 1993 na wahadhiri wa Mlimani kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena wakiwa waanzilishi, wakaanza kuichambua bajeti hivo 1997, watu wakawaona wanatafuta ugomvi. Siku hizi nasikia “hayo si yanajulikana”.

Kwenye kazi yetu ukifaulu kabisa unachokileta kinakuwa usemi wa kila mtu na jina lako linafutika, na anayefutika wa kwanza ni mwanafunzi. Utakuta ripoti ya kurasa mia mbili, profesa kwenye jalada, mfadhili kwenye jalada, na wale wadadisi waliolala kwenye madarasa ya shule ya msingi huku bumu, hela ya mkopo wa chuo, limeisha wamepewa mstari mmoja wa shukrani bila majina. Hilo tunawafanyia sisi wenyewe, tusimsingizie mgeni wa maonesho.

Kwenye kikao kijacho nitapeleka fomu yenye safu mbili mpya. Moja inauliza data ziko wapi na nani anaweza kurudi kuzitumia, nyingine inataka majina ya wote waliokusanya, sio “na wengineo”. Najua nitaulizwa safu hizo zinaongeza pointi ngapi kwenye kupanda cheo, na kwa utaratibu wa sasa haziongezi hata moja. Nitazipeleka hivohivo, na ya kwanza kujazwa itakuwa ya ndoo nane za Kisarawe, madaftari yake yako kwenye kabati la idara na jina la aliyehesabu liko juu ya kila moja.