Kabla ya kulipa ada, ulizia chupa za maabara

Wazazi wanaoniuliza kuhusu diploma ya sayansi ya mazingira huanza na swali lilelile: mtoto atapata kazi? Mimi hupima ubora wa maji hapa Kampala na hufundisha vipindi vya vitendo chuoni. Kazi ipo kwa anayejua kupima. Aliyekariri vifungu vya Sheria ya Mazingira ya 2019 peke yake atazunguka sana na bahasha yake.

Chukua oksijeni iliyoyeyuka majini. Vitabu husema maji safi yenye joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 kwa lita. Ni kweli, ila kwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu yake, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yakishiba hubeba kama 7 tu. Asiyelijua hilo ataandika kwamba ziwa linaumwa hata pale lilipo salama.

Halafu kuna suala la saa. Mwani na mimea hutoa oksijeni jua likiwaka. Usiku kila kiumbe kinaitumia na hakuna anayeirudisha, hivyo kipimo cha alfajiri ndicho huwa cha chini kabisa. Ukifika saa nane mchana utapata namba ya kupendeza na utadanganyika. Hata hivyo ziara nyingi za wanafunzi hupangwa mchana. (Dereva wa basi naye ana usingizi wake.)

Vipimo vya kidijitali vipo, lakini kwa kufundishia napenda njia ya Winkler, ya tangu 1888. Unajaza chupa mpaka pomoni bila kuacha hata kipovu, unatia salfati ya manganizi, kisha iodidi yenye alkali, unafunga na kuipinduapindua. Oksijeni ikiwemo, mashapo ya kahawia hujitokeza na kushuka taratibu kama bushera (uji wa mtama) iliyotulia. Isipokuwemo, kwa kuwa uchafu umeila, mashapo hubaki meupe. Mwanafunzi akishayaona meupe mkononi mwake, somo la maji taka limemwingia.

Pa kujifunzia hapako mbali. Mtaro wa Nakivubo hubeba uchafu wa jiji, unapitia kinamasi cha mafunjo, unamwaga kwenye Ghuba ya Murchison, na ghuba hiyohiyo ndiyo inayolisha mitambo ya maji ya Ggaba. Mizizi ya mafunjo hupunguza mwendo wa maji, hunasa tope na kunyonya sehemu ya naitrojeni na fosforasi. Mafunjo yakifyekwa kupanda magimbi na kuchimbwa mifereji, maji hupita mbio na kazi hiyo hupungua. Chuo kinachopima juu na chini ya kinamasi, mvua na kiangazi, kinafundisha. Kinachoishia kupiga picha ukingoni, hapana.

Kwa hiyo ukienda kukagua chuo, achana na geti na bustani. Omba daftari la vipimo la muhula uliopita. Likiwa safi mno, lina shaka. Kisha ulizia inkubeta, kabati linaloshikilia joto lilelile muda wote. Kupima uchafu unaokula oksijeni kunahitaji sampuli ikae gizani siku 5 kwenye nyuzi 20, na mchana wa Kampala una joto kuliko hapo. Muulize mkuu wa maabara: umeme ukikatika siku ya tatu, jenereta ipo, na mafuta yake hulipwa na nani?