Omeprazo si Panadol

Mtu kala pilau Ijumaa, saa tisa kifua kinawaka. Anakuja dirishani kwangu, kwenye duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga: "Nipe omeprazo moja tu." Anaimeza palepale. Kesho yake habari ninazo: dawa zangu feki.

Si feki. Umeimeza kama unameza Panadol, basi.

Omeprazo haigusi asidi iliyokwisha mwagika. Inafunga pampu zinazoitoa, na safari yake ni ndefu: inapita tumboni, inanyonywa na utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, ndipo inarudi kwenye seli za tumbo. Zile punje ndani ya kapsuli zina ganda la kuzikinga na asidi. Ukizisaga ili bibi ameze kwa urahisi, dawa umeiharibu mapema.

Sasa hapa ndipo ninapochoka. Baada ya kama saa moja tu, nusu ya dawa imeshatoka kwenye damu. Na ndani ya muda huo mfupi inashika pampu zilizo kazini, zilizolala inazipita. Kinachoziamsha pampu ni chakula, hasa mlo wa kwanza baada ya kulala njaa usiku kucha. Ndiyo maana tunasema nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai ya asubuhi, ili dawa iwe imeshafika pampu zinapoamka. Kabla ya chai, jamani! Mama mmoja kanijibu, "Mwanangu, si nilimeza kabla sijamaliza chapati?"

Ramadhani nawaambia wameze mapema kabla ya daku. Asiyeweza kuamka, afungue kwa maji na dawa, akaswali Magharibi, kisha ndiyo aje kwenye bajia na uji. Si nusu saa kamili, lakini si haba.

Hata ukifuata yote hayo, nguvu yake kamili huja baada ya siku 3 hadi 5, kwa sababu kila siku kuna pampu zilizoponyoka jana. Kidonge kimoja cha Ijumaa hakikupi hukumu yoyote.

Unataka nafuu sasa hivi? Tafuna magnesiamu au kunywa ile dawa nyeupe ya maji. Dakika chache tu, ila haidumu. Kama unatumia antibayotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, niambie kwanza, zisimezwe pamoja na dawa hizo za kutuliza asidi. Ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, msiniulize, Marekani waliiondoa sokoni 2020, ndugu yake famotidini ipo.

Na si kila kiungulia ni vidonda vya tumbo. Na kama una H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo waliowapa watafiti Marshall na Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005, unahitaji antibayotiki pia. Omeprazo peke yake haiwamalizi.

Kuna jambo linalonisumbua mwenyewe: kuacha. Watu wasio na kiungulia waliwahi kupewa dawa za jamii hii kwa wiki 8 katika utafiti. Walipoacha, baadhi yao wakaanza kuunguliwa. Kwa hiyo mteja anayeniambia "nikiacha inarudi", huenda ni ugonjwa, huenda ni dawa yenyewe. Kwa kumtazama tu dirishani sijui kuzitenganisha. Huwa nashauri kupunguza taratibu, ingawa ushahidi kwamba hilo linashinda kuacha mara moja ni mwembamba.

Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni au ukikonda bila sababu, usije kwangu kununua chochote. Nenda hospitali ya Bombo.