"Seli za saratani hazijaonekana" si sawa na "hakuna saratani"

Mama mmoja wa makamo aliingia kliniki akiwa amebeba mfuko wa dawa za kifua kikuu. Alikuwa mwezi wa nne akizimeza. Makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Alianzishiwa kwa sababu eksirei ilionyesha maji kifuani upande wa kulia, na majibu ya maji hayo yalisema seli za saratani hazijaonekana. "Daktari," aliniambia, akipumzika katikati ya maneno, "mbona nazidi kuisha?"

Watu husema "maji kwenye mapafu", lakini haya yako nje ya pafu, kati ya tabaka mbili za utando: moja limelifunika pafu, jingine limetanda ukutani mwa kifua. Kwa kawaida hapo pana vijiko vichache tu vya ute. Saratani ya pafu, ya titi au ya tezi za limfu (limfoma) ikifika kwenye utando huo, maji hujaa. Hujaa pia moyo ukichoka, ini au figo zikiharibika, na kwa TB, ambayo kwetu ni ya kawaida mno.

Huanza na ultrasaundi. Hunionyesha mahali salama pa kuchoma, na hapo hapo nakikagua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na utando, kama vina vinundu. Kisha nachota mililita 50 hivi. Yakiwa na damu napata wasiwasi, ila rangi peke yake haithibitishi kitu. Napima protini ya maji na ya damu kwa pamoja: ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu, ugonjwa huenda uko kwenye utando wenyewe. Hicho ni kimojawapo cha vigezo vya daktari Richard Light vya mwaka 1972, na bado tunavitegemea. Kipimo cha ADA, kimeng'enya kinachopimwa kwenye maji hayo, kikipanda, na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zikiwa nyingi, naifikiria TB; lakini limfoma nayo huweza kukipandisha.

Sasa nifike panaponiuma. Kati ya wagonjwa 10 ambao kweli saratani imefika kwenye utando, sampuli ya kwanza ya maji huwagundua takriban 6. Kwa mesothelioma, saratani ya utando wenyewe inayohusishwa na vumbi la asbesto, huwagundua wachache zaidi. Seli nyingine zimeng'ang'ania utando, hazidondoki majini. Sampuli ya pili huongeza kidogo. Ya tatu karibu haiongezi kitu. Shaka ikibaki, usiendelee kuchota. Piga CT skani, kisha chukua kinyama cha utando, ama kwa sindano inayoongozwa na picha, ama kwa kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo ubavuni. Kamera hugundua zaidi ya 9 kati ya 10.

Na wenzangu, tafadhali jazeni fomu ya maabara. Ya mama huyu, sehemu ya historia iliandikwa maneno mawili tu: "maji kifuani". Nilipomuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, alishusha kitenge begani. Titi la kulia halikuwepo. Lilikuwa limetolewa miaka saba nyuma.

Kwenye kiwambo niliona vinundu viwili. Kinyama kilirudi na jibu la saratani ya titi, kikatosha pia kupima vipokezi vya homoni (sehemu za seli ambazo homoni hushikamana nazo), navyo vilikuwepo. Mfuko wa dawa za TB aliuacha mezani kwangu, akaanza vidonge vya kuzuia homoni wiki hiyo hiyo.