Tiba ya Mionzi kwa Saratani ya Tezi Dume: Maswali na Majibu

Mionzi inaitibuje saratani hii?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Mionzi yenye nguvu kubwa kuliko ile ya eksirei ya kawaida huelekezwa kwenye tezi hiyo na kuharibu vinasaba vya seli za saratani, zikashindwa kuzaliana na hatimaye zikafa. Seli zenye afya zilizo jirani huguswa pia, ila zenyewe hujirekebisha vizuri zaidi, na ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 8 kulingana na mpango wa daktari.

Je, inauma? Nikirudi nyumbani nitawadhuru wajukuu?

Haiumi. Mgonjwa hulala kitandani dakika chache huku mashine ikimzunguka. Mionzi itokayo kwenye mashine ya nje haibaki mwilini, kwa hiyo mpakate mjukuu wako bila hofu.

Kwa nini naambiwa nifike nikiwa na mkojo, lakini nimeshapata choo?

Kibofu kikijaa, sehemu yake kubwa pamoja na utumbo mwembamba husogea mbali na mionzi. Na utumbo wa haja kubwa ukiwa mtupu, tezi haisukumwi kutoka mahali ilipopimiwa. Kwa mgonjwa anayetoka Mbagala au Kimara kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, jambo hili linahitaji hesabu, kwa sababu foleni za Dar es Salaam hazitabiriki. Ni afadhali kunywa maji ukishafika, kwa kiasi na muda utakaoelekezwa na wataalamu, kuliko kuyanywa nyumbani ukateseka ndani ya daladala.

Nitapoteza nguvu za kiume?

Swali hili wanaume wengi huliuliza kwa sauti ya chini, au hawaliulizi kabisa wakaacha kurudi kliniki, nalo linastahili jibu la kweli: inawezekana. Mionzi inaweza kudhoofisha mishipa ya damu na ya fahamu inayowezesha uume kusimama, na hali hiyo huja polepole, kwa miezi au miaka. Umri, kisukari, shinikizo la damu na sigara huongeza uwezekano huo. Dawa za homoni, ambazo mara nyingi huambatana na mionzi, hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa muda zinapotumika na hata baadaye. Zipo dawa za kusaidia, lakini zisinunuliwe kiholela, kwani baadhi zikichanganywa na dawa fulani za moyo huhatarisha maisha. Napendekeza mke ahudhurie kliniki tangu mwanzo, maana jambo hili ni la wawili.

Madhara mengine ni yapi?

Uchovu, kukojoa mara kwa mara kwa maumivu, na kuharisha. Mengi hupungua wiki chache baada ya tiba. Damu kwenye choo au mkojo, hata miaka kadhaa baadaye, iripotiwe hospitali.

Je, upasuaji si bora zaidi?

Utafiti wa Uingereza uliotoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kwa wanaume ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, takribani 97 kati ya 100 hawakufa kwa ugonjwa huo, wawe walifanyiwa upasuaji, walipata mionzi au walifuatiliwa kwa karibu. Lakini wanaume hao waligunduliwa mapema kwa kipimo cha damu cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), ilhali wengi wetu huja hospitali mgongo ukiwa umeshaanza kuuma. Hata saratani ikifika kwenye mifupa, dozi moja tu ya mionzi inaweza kupunguza maumivu kwa wagonjwa wengi. Miguu ikilegea ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Nikipata nafuu, naweza kuacha katikati?

Usiache, kwa maana seli zilizobaki hutumia mapumziko hayo kuongezeka tena. Nauli au malazi yakikushinda, mweleze afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakosa siku hata moja. Tiba ikiisha, PSA hushuka taratibu, pengine kwa zaidi ya mwaka mmoja, na inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe. Kwa hiyo daktari huangalia mwenendo wa vipimo kadhaa, wala hahukumu kwa kipimo kimoja.